Nyuma ya Mlango wa Mtemi

Mamba, Mpimbwe
10 Septemba 2023

Mdogo wangu Dina,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku kwetu tunaamka, na anayeamka hana haki ya kulalamika. Wifi yako Specioza anakusalimu, na watoto pia. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai shangazi alimwahidi zawadi kwa kila jino. Mpunga mwaka huu haukuwa mbaya. Mashine ya kukobolea inakwenda, mimi narudi jioni nimejaa pumba mpaka kwenye kope, na Mama akiniona anacheka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imeshindikana. Siku ile ulipopiga, Mama alisikia sauti yako akaigeuza simu akutafute upande wa pili. Hakukuona. Akaingia chumbani akachungulia chini ya kitanda, akatoka akaenda ghalani. Alilia hadi jioni: "Mtoto mmemficha wapi?" Nikasema basi, haturudii. Lakini barua anazielewa. Nilimsomea ile yako ya zamani, ya ulipofika Ujerumani, akatulia kama mtu aliyekunywa maji. Kwa hiyo andika. Karatasi moja ya kumsomea, nyingine yangu.

Ugonjwa wake haujapungua. Wewe unauguza wazee wa namna hiyo hiyo, unajua kuliko mimi. Jambo jipya ni kwamba kila jua likielekea kuzama anajifunga kitenge na kusema anakwenda kwao. Namwambia, "Mama, hapa ndipo kwako." Ananitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepotea. "Hapana, baba. Kwetu ni Langoni."

Langoni unapajua, kule ng'ambo ya mto kwenye magofu ya nyumba ya mtemi, alikokuwa bawabu babu yetu Fabiani. Lango lenyewe halipo tena. Zimebaki ngazi na kipande cha ukuta, na watu wamelima hadi ukutani. Nilimpeleka kwa pikipiki aone mwenyewe. Akazunguka, akashika tofali, akaniambia, "Si hapa. Nirudishe."

Ulisema utakuja Desemba. Njoo.

Kaka yako,
Elia


Ujerumani
22 Oktoba 2023

Shikamoo kaka Elia,

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye treni, nikapitiliza kituo. Wasalimie sana wifi na watoto, na huyo wa meno mwambie deni lake nalikumbuka. Huku majani yameanza kupukutika na saa moja jioni tayari kiza. Kazi ni ile ile: kuogesha, kulisha, kubadilisha, kusikiliza. Karatasi ya bluu ni ya Mama. Msomee polepole.

Sasa nisikilize wewe. Jirani na nyumba yetu ya wazee kuna nyumba ya mapadre wamisionari waliostaafu, na sisi ndio tunaokwenda kuwapima presha. Wiki iliyopita nilikuwa na padre mmoja mzee sana, aliyewahi kukaa Karema. Aliponisikia nikihesabu kwa Kiswahili, akauliza:

"Binti, wewe wa mkoa gani?"

"Katavi, Padre."

"Katavi ni mkoa wa juzi. Wa wapi hasa?"

"Mamba, Mpimbwe."

Kaka, alijivua mkanda wa presha mwenyewe, akachukua fimbo, akaniongoza kwenye ukumbi mrefu wenye picha za zamani. Akasimama mbele ya moja iliyo ndogo kama sinia. "Hii hapa," akasema. Chini imeandikwa kwa Kijerumani: Lango la makazi ya mtemi, Mpimbwe, 1949. Imechorwa kwa rangi ya maji na padre mwenzao aliyekwisha kufa.

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nguzo mbili kubwa, na chokaa yake mchoraji hakuipaka rangi kabisa, ameiacha karatasi yenyewe iwe chokaa. Milango miwili ya mninga yenye vichwa vya misumari. Mmoja umefungwa, mwingine uko wazi, na giza la ndani amelipaka rangi ya samawati iliyokolea. Kwenye ngazi amekaa msichana mdogo, ana kipande cha muwa. Na kando ya nguzo amesimama mwanamume mwenye kanzu na mshipi mwekundu. Amesimama kama unavyosimama wewe, mguu mmoja umelegea. Sikuhitaji mtu aniambie ni nani.

Na huyo msichana ni Mama. Mwaka 1949 alikuwa na miaka saba. Nilimgusa kwa kidole juu ya kioo, Padre akajifanya hakuona.

Wameniruhusu kuipiga picha. Nimeichapisha kwenye kadi, imo humu ndani. Mpe. Kama anataka kwao, basi kwao ndiyo huko.

Kuhusu Desemba, sijui. Mambo ya kazini yamebadilika kidogo. Usimtajie Mama tarehe.

Mdogo wako,
Dina


Mamba
3 Desemba 2023

Mdogo wangu Dina,

Mungu akukinge na baridi hiyo. Huku mvua imeanza. Specioza yuko shambani tangu asubuhi, na leo zamu ya kukaa na Mama ni yangu. Bahasha yako niliikuta Mpanda nilipofuata mkanda wa mashine. Ilikuwa imelala posta sijui tangu lini.

Nilimsomea karatasi ya bluu kwanza. Kila nikifika kwenye nukta aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wa chekechea aliowafundisha pale parokiani. Kisha nikampa kadi. Dina, sikutegemea. Aliishika kwa mikono miwili. Akaweka kidole juu ya bawabu akasema, "Baba." Wala hakuwa anauliza.

Nikamwonyesha ngazi. "Na huyu ni wewe, Mama."

"Huyu? Huyu si ndiye Bernadetha!"

Bernadetha ni mdogo wake, yule aliyekufa kwa surua. Jina hilo nilikuwa nimelisikia mara moja tu maishani.

"Sasa wewe uko wapi?"

Akagonga pale penye giza, kwenye mlango ulio wazi. "Mimi niko huku nyuma. Gauni langu lilichanika kwenye miiba. Baba alisema mzungu asinichore na gauni bovu, nikae ndani hadi aniite."

"Akakuita?"

"Bado," akasema.

Tangu siku hiyo analala vizuri. Jioni hajifungi tena kitenge. Kadi tumeibandika karibu na kitanda, na anazungumza na babu kwa Kipimbwe, lugha niliyodhani ameshaisahau. Mimi bado ananiita Yule wa Mashine. Juzi alimwuliza Specioza kwa heshima kabisa, "Kijana huyu anatusaidia sana. Kwao hawamtafuti?" Tulicheka. Specioza alicheka kunizidi.

Desemba imeingia na hujasema kitu. Kama ni tiketi, sema. Kama ni jambo jingine, sema pia. Sisi ni wawili tu.

Elia


Ujerumani
14 Januari 2024

Shikamoo kaka,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba nzima. Nisamehe mwandiko, naandika nikiwa nimelala. Nimepumzishwa kidogo, uchovu tu wa kazi. Wenzangu wananiletea supu, na theluji imezika baiskeli zote uani.

Barua yako nimeiweka chini ya mto. Nimemsimulia Padre habari ya gauni lililochanika, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema mchoraji alikuwa mtu wa haraka sana, hakuwa akimsubiri mtu, kwa sababu rangi ya maji ikikauka haikubali kurekebishwa. Sijui kwa nini jambo hilo limeniuma.

Nikafikiri, kama kadi ndogo imemtuliza hivi, je, kubwa? Padre amenisaidia tukaichapisha upya kwenye kitambaa, urefu wake unakaribia mlango wa kweli. Kuna Mtanzania anayerudi Sumbawanga, ameibeba. Ataifikisha Kibaoni, wewe uipokee hapo. Mtundikie mahali anapoweza kuiona akiwa amelala. Mimi nisipokuwepo, na kiwepo hicho.

Kaka, nina swali dogo. Akisikia barua zangu, anajua ni za nani? Amewahi kutaja jina langu?

Kuhusu safari, tuseme Pasaka.

Dina


Ujerumani
28 Machi 2024

Kaka Elia,

Bwana asifiwe hata sasa. Natumaini wifi na watoto wamepata nguvu, na kwamba wageni wa msiba wameondoka mkapumua.

Leo ni Alhamisi Kuu. Tangu uliponipigia siku ile na kusema, "Mama ametutoka, ni mapafu," sijasikia sauti yako tena. Napiga, anapokea Specioza, anasema uko mashineni. Napiga Jumapili, uko mashineni. Mashine gani inakoboa Jumapili?

Mazishi niliyaona kwenye simu ya binamu. Picha ilikuwa inakatika. Niliona jeneza, kisha miguu ya watu, kisha anga. Nimebaki na anga hiyo.

Sasa kuna maneno. Binamu ameandika kwenye kundi la ukoo kwamba Mama aliokotwa nje, ameloa, ng'ambo ya mto. Mwingine akamjibu, "Acha hayo." Elia, mimi ni muuguzi. Najua mapafu yanavyoshikwa. Ya mtu mzee hayashikwi ghafla hivi akiwa kitandani kwake, amelishwa na kufunikwa na mtu kama Specioza.

Sikulaumu. Nasema tena, sikulaumu. Lakini usinihurumie kwa kunificha. Mama alikuwa anafanya nini ng'ambo ya mto?

Na lile swali langu la Januari hukulijibu.

Dina


Mamba
12 Mei 2024

Mdogo wangu Dina,

Salamu nakuletea kwa aibu, maana barua yako imekaa mezani wiki nyingi. Tuko wazima. Mpunga umeiva, ndege wamekuwa wengi, watoto wanashinda shambani wakiwafukuza. Nimeanza barua hii mara kadhaa na Specioza ameokota karatasi zake akawashia moto. Leo amesema, "Maliza, au nitaandika mimi." Kwa hiyo namaliza.

Picha kubwa ilifika mwezi wa pili. Niliitundika mwenyewe, ukutani mbele ya kitanda. Ilijaza ukuta wote. Mtu akiingia chumbani alidhani kuna nyumba nyingine upande wa pili. Mama alikaa kitandani akaitazama siku nzima, hakutaka hata uji. Kesho yake tukamkuta amesimama mbele yake anabisha hodi. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Tulidhani ni mchezo. Watoto walikuwa wanamwitikia, "Karibu!" naye anafurahi.

Kisha akaanza kusema ameitwa.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa mashineni. Specioza alitoka kidogo kuanua mihogo iliyokuwa inaloa, aliporudi kitanda kitupu. Mama alikuwa amevua kitenge cha kushindia akavaa gauni lake la kanisani, lile la maua ambalo wewe ulimtumia. Tulimtafuta mtaa mzima. Celestin, yule mzee mwenye asili ya Burundi anayelima ng'ambo, ndiye aliyekuja mbio: "Mama yenu nimemwona kwa mbali anapanda kwenye magofu. Nimemwita haitiki."

Daraja la magogo lilikuwa chini ya maji. Sijui Mama alivukaje. Mimi nilivuka maji yakiwa kifuani.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi, Dina. Ngazi ile ile. Ameloa chapachapa, midomo imekuwa ya kijivu, na amekaa wima, mikono magotini, kama mtoto aliyeambiwa asitikisike. Nilitaka kumbeba nikimbie naye. Nilipomshika alipiga kelele, akanikwaruza uso. Sijawahi kumwona na hofu kama ile. Nikamwachia.

Akaniuliza, "Mzungu ameondoka?"

Nikasema, "Bado, Mama. Bado anachora."

"Gauni langu zima?"

"Zima kabisa."

Akatulia. Akanitazama kwa makini, nikadhani sasa ananitambua. Akasema, "Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi mtoto wa Gaudensia."

"Gaudensia ni mimi," akasema, "na mimi bado mdogo." Kisha akasogea, akanipa nafasi. "Lakini kaa. Baba hatakasirika. Kaa vizuri, utatokea kwenye picha."

Nikakaa. Mvua inatupiga, mbele yetu ni shamba la mahindi la watu, na mimi mwanamume mzima nimekaa wima mikono magotini. Alinishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka Celestin na vijana walipofika na turubai, na wakati huo alikuwa ameshasinzia begani kwangu, ndipo tukaweza kumbeba.

Homa ilianza usiku ule. Hospitalini walifanya yote, sina neno juu yao. Hakuzungumza tena.

Ndiyo sababu sikupokea simu. Ile picha uliituma kwa upendo na mimi niliipigilia misumari kwa upendo. Ningekuambiaje kwenye simu kwamba Mama aliifuata? Ningekaa kimya maisha yangu yote kama usingeuliza. Na kila nikitaka kujiuliza nani mwenye kosa, wewe uliyeituma, mimi niliyeitundika, au Specioza na mihogo yake, naona watu watatu waliokuwa wanampenda.

Swali lako la Januari. Ndiyo, alikuwa akilitaja jina lako, kila siku. Alikuwa anamwita Specioza. "Dina, niletee maji. Dina, nifunge kanga." Mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha, Specioza akanikanyaga mguu, akaitikia, "Abee, Mama." Akaendelea kuitikia hadi mwisho. Sikukuambia kwa sababu niliona kama tumekuibia.

Picha bado ipo ukutani. Specioza alitaka kuitoa, nikakataa. Baadaye mimi nikataka kuitoa, akakataa yeye.

Elia


Ujerumani
9 Juni 2024

Kaka yangu Elia,

Shikamoo. Mpokee salamu zangu nyie wote, na Mzee Celestin umfikishie shukrani ambazo sitaziweza kwa maneno. Huku ni kiangazi, jua halitaki kuzama, wazee wetu wanakaa bustanini na kofia. Yule padre wa Karema alifariki wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Sikumweleza mwisho wa habari, nilimwacha na ile ya Mama kulala vizuri.

Barua yako niliisomea bafuni kazini, na maji nimeyafungulia ili wenzangu wasinisikie.

Kwa kuwa umeniambia ya kwako, chukua na ya kwangu. Desemba tiketi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshanunua hata zawadi za meno. Katikati ya Oktoba walikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, na kabla ya Krismasi wakaliondoa. Barua ya Januari niliiandikia kitandani hospitalini, dawa zilipoanza, nikaita uchovu wa kazi. Siku Mama anazikwa nilikuwa nimefungwa mirija ya dawa mkononi, ndiyo maana sikuweza kuona vizuri, si mtandao peke yake. Dawa zimekwisha mwezi wa nne. Wanasema mpaka sasa pako safi. Sikutaka kukuambia kwa sababu wewe ulikuwa na mgonjwa mmoja tayari, nikaona nisikuongezee wa pili.

Nilipomaliza kuisoma, nilizirudia barua zangu zote kichwani. Nimemwulizia Mama, nimeulizia picha, nimeuliza kama jina langu linatajwa. Hakuna mahali nimeuliza: Elia, wewe unaendeleaje? Mama yako hakujui, unarudi na pumba usoni anakuita kijana wa watu, unacheka, kesho unarudi tena. Na mvuani, alipokuuliza wewe mtoto wa nani, ukakaa. Mimi nina vyeti vya kazi hii, kaka. Sijui kama ningekaa. Nadhani ningembeba kwa nguvu, kama tulivyofundishwa, naye angekufa akiwa ananiogopa.

Sitakuambia picha haina hatia wala ina hatia. Nitalia nayo nikifika, tutaona.

Nimekata tiketi. Nitafika Dar tarehe 2 Julai, kisha nitapanda treni mpaka Mpanda. Nimekonda na nywele zimeota fupi kama za mvulana, uwaandae watoto wasishtuke. Mwambie Specioza asichinje kitu. Nataka nikae naye jikoni nimenye viazi, aniambie Mama alikuwa anasemaje akiniita, kwa sauti gani, saa za asubuhi au za jioni. Hajaniibia kitu. Aliniwekea.

Siku ya kunipokea usije na ukoo. Usije na gari la kukodi na nyimbo. Njoo peke yako na pikipiki yako. Ukiniona nashuka usinikimbilie, maana upande wa kushoto bado unauma. Tutafute benchi pale pale stesheni, tukae kwanza, tulie tumalize, halafu ndipo unipeleke nyumbani.

Mdogo wako,
Dina